Askofu Aliyepanga Majina ya Kiswahili

Jioni moja nilikuwa barazani huko Kabiro, Kawangware, nikimsikiliza binti wa jirani akisoma insha yake ya Kiingereza. Aliandika habari za mamaye. Mstari wa kwanza mama yuko jikoni. Mstari wa pili amekuwa mwanamume, maana mtoto alitia «he» mahali pa «she». Darasani walikuwa wamemcheka, na tangu siku hiyo hakuinua tena mkono. Mie sikucheka. Nilimkumbuka Mwingereza mmoja, hayati wa siku nyingi, aliyeijia taabu hiyo hiyo kutoka upande wa pili: Askofu Edward Steere wa Unguja.

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria, akawa wakili mwaka 1850, kisha akauvua uwakili akawa kasisi. Alifuatana na Askofu Tozer hadi bonde la mto Shire. Misheni haikushika huko, na mwaka 1864 wakahamia Unguja. Hapo mtu mzima yule akawa kama mtoto wa chuoni, akiwasikiliza wenyeji na kuandika. Krapf alikuwa amemtangulia kwa sarufi yake ya mwaka 1850, lakini Krapf alijifunza kwetu Mombasa, naye Steere alishika Kiunguja. (Kiunguja ndicho kilichokuja kuteuliwa kuwa Kiswahili sanifu mwaka 1928, na sisi wa Kimvita hatujalimaliza nung'uniko.) Mwaka 1870 alitoa kitabu cha sarufi, na kingine cha ngano za Unguja.

Kazi yake ngumu ilikuwa kuwaeleza Waingereza kwamba jina la Kiswahili halina uke wala uume. Kwao, ukishataja jina, kiwakilishi chake hutaka kujua: mwanamume, mwanamke, au kitu? Kwetu kiwakilishi huuliza jambo jingine kabisa: jina hili ni la ngeli gani? Kiti kimevunjika, mti umeanguka, mama amekuja, baba amekuja. Steere alizipanga ngeli hizo makundi manane. Sisi tuliopitia chuoni tulikwisha kuonjeshwa «huwa» na «hiya» za Kiarabu, ambako hata jua ni la kike, na dhamiri huhesabiwa kuwa aina ya jina. Waingereza wao wamevitenga: jina mbali, kiwakilishi mbali. Mtoto wa Kabiro hana lolote la kumtayarisha. «A» yake moja humbeba baba, mama, na hata ng'ombe.

Tena Steere aliiona kanuni ambayo mimi kila nikiifikiri hunishtua. Kiumbe mwenye uhai, hata jina lake likiwa la ngeli nyingine, huweza kuchukua viambishi vya watu. Tazama neno kijakazi. Jina limemvika «ki» ya kisu na kikapu. Lakini akitembea, twasema kijakazi amekuja. Kile ambacho jina limemnyang'anya, kiwakilishi kimemrudishia. Na haya yalisemwa katika mji uliokuwa ukiuza watu mnadani.

Soko hilo la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, zama za Sayyid Barghash. Mwaka huo huo Steere alianza kujenga kanisa Mkunazini, juu ya kiwanja cha soko lenyewe, akisimamia mwenyewe ramani na mafundi. Mwaka 1874 akafanywa askofu. Dini yake si yangu, wala sikubaliani na kila aliloliandika juu ya watu wa pwani; lakini mtu aliyekaa miaka akipima silabi zetu moja moja siwezi kumpita bila salamu. Ibada ya kwanza ilisaliwa humo siku ya Krismasi. Alifariki Unguja Agosti 1882, umri miaka 54, akazikwa nyuma ya madhabahu.

Yule binti nilimpa dawa moja tu: kabla ya kuandika kiwakilishi, arudi nyuma kwa kidole mpaka alifikie jina lake, aulize ni nani huyo. Akaichukua kalamu. Mstari wa pili mama akarudi kuwa mama. Wa tatu pia. Wa nne akageuka tena baba, lakini safari hii mtoto aliona mwenyewe, akafuta kabla sijafungua kinywa.