Jomo Kenyatta: Mzazi Aliyerudi Darasani

Jomo Kenyatta alipofunga safari ya pili kwenda Uingereza mwaka 1931, hakuwa kijana tena wala kapera. Alimwacha nyumbani mkewe, Grace Wahu, pamoja na watoto wawili: Peter Muigai wa miaka 10 na Margaret Wambui wa miaka 3. Mwaka 1935 alijiunga na Chuo cha Uchumi na Sayansi ya Siasa cha London, akasomea anthropolojia chini ya Profesa Bronislaw Malinowski. Insha alizoandika huko ndizo zilizozaa kitabu Facing Mount Kenya, kilichochapishwa mwaka 1938.

Katika sura ya elimu, Kenyatta alieleza kwa kina jinsi baba wa Kikuyu anavyomfunza mwanawe. Wakati huohuo, wanawe mwenyewe walikuwa wakikua mbali naye, mikononi mwa mama yao. Mshika mbili moja humponyoka. Aliporejea mwaka 1946, Muigai alikuwa mtu mzima wa miaka 25, naye Wambui alikuwa na miaka 18.

Elimu ya mzazi hailipiwi na msomi peke yake. Kila kitabu hicho kinapotajwa, Wahu naye anastahili kukumbukwa.