Bibi Tabitha Brown, Mjane wa Kasisi

Mwezi huu tunawaletea habari za mama mmoja wa Marekani wa zamani. Wengi wetu huenda hatujapata kusikia jina lake, lakini mwaka 1987 bunge la jimbo la Oregon, lililoko magharibi kabisa mwa nchi ile, lilimtangaza kuwa Mama wa Oregon. Wakati huo alikuwa amelala kaburini miaka 129.

Tabitha Moffatt alizaliwa tarehe 1 Mei 1780 katika mji wa Brimfield, Massachusetts, upande wa mashariki. Baba yake alikuwa daktari. Mwaka 1799 aliolewa na Clark Brown, ambaye baadaye alikuwa kasisi wa Kanisa la Episkopo, yaani Waanglikana wenzetu wa Marekani. Mwaka 1817 mumewe alifariki, akamwachia watoto wa kulea peke yake. Wake wa makasisi wanaosoma gazeti letu hawahitaji kuelezwa hali hiyo ilikuwaje. Bibi Tabitha alifungua shule huko Maryland, akafundisha watoto wa watu ili awalishe wa kwake. Baadaye akahamia Missouri, ambako siku zile ndiko kulikokuwa ukingo wa makazi ya Wamarekani weupe.

Mwanawe Orus alikwenda Oregon mwaka 1843, akarudi akisifu ardhi ya huko, na jamaa wote wakashawishika. Basi Aprili 1846 wakafunga safari ya kilometa zipatazo 3,200 kwa magari ya kukokotwa na maksai. Walikwenda Orus na watu wake, binti yake Pherne na mumewe Virgil Pringle na watoto wao, na shemeji yake mzee, Kapteni John Brown, mwenye miaka 77. Bibi Tabitha mwenyewe alikuwa na miaka 66, mwili mdogo, tena alitembea kwa mkongojo. Gari lake alilinunua kwa fedha zake.

Njia ilikuwa njema mpaka Fort Hall. Hapo Orus alikuwa ametangulia kwa njia ya zamani. Waliobaki nyuma wakakutana na watu waliowaambia kwamba kusini iko njia mpya iliyo fupi. Wakaifuata. Ilikuwa jangwa lisilo na maji wala majani, na baada ya jangwa yakaja mabonde yenye miti iliyopaswa kukatwa kwanza ndipo gari lipite. Katika korongo la Umpqua mvua za majira ya baridi ziliwakuta. Ng'ombe walikufa, magari yakavunjika, watu wakatupa vyombo vyao matopeni. Bibi Tabitha alipoteza gari lake na karibu kila alichokuwa nacho, akapita korongoni juu ya farasi kwa siku tatu.

Chakula kilipokaribia kwisha, yeye na Kapteni Brown walitangulia kwa farasi ili wawafikie wenzao wa mbele. Mzee akashikwa na kizunguzungu, akaanguka. Usiku ukaingia, mvua inanyesha, mbwa-mwitu wanalia, wala hapakuwa na mtu karibu. Mama huyu akatundika turubai la gari juu ya tawi la mti, akamlaza shemeji yake chini yake na kumfunika kwa mablanketi, kisha akaketi kando akingoja afe. Hakufa. Kulipokucha aliweza kusimama, na wenzao hawakuwa mbali. Orus aliposikia taabu yao alirudi na farasi waliobeba vyakula, na siku ya Krismasi ya mwaka 1846 Bibi Tabitha aliingia nyumba ya mhubiri mmoja wa Kimethodisti huko Salem.

Hapo alihisi kitu katika kidole cha glavu yake. Alidhani ni kifungo. Kumbe ni sarafu yenye thamani ya senti sita na robo, fedha yote aliyobaki nayo. Akanunua sindano tatu. Nguo zake kuukuu akawapa wanawake wa kienyeji kwa ngozi za paa, akaanza kushona glavu za wanaume na wanawake. Kazi hiyo ilimpatia zaidi ya dola 30.

Mwaka 1847 alimtembelea Orus mahali panapoitwa leo Forest Grove, akawakuta Kasisi Harvey Clark na mkewe. Aliwaambia kwamba angekuwa na mali angefungua nyumba ya kulea yatima. Clark hakuliacha neno hilo lipite. Mwaka 1848 nyumba ya ibada ya magogo ikawa shule, na majirani wakaleta sufuria, visu na uma, hata vilivyovunjika. Wazazi wenye uwezo walilipa dola moja kwa juma, yatima hawakulipa. Kabla mwaka haujaisha alikuwa na watoto 30, wa miaka minne hata vijana wa 21. Mwaka 1851 walikuwa 40, na katika muda usiotimia miezi mitano alikanda kwa mikono yake ratili 3,423 za unga, ndizo zaidi ya kilo 1,550. Akina mama wanaopika kwenye mikutano yetu na wapige hesabu wenyewe.

Hata hivyo hatuna budi kusema kwamba ardhi ile ilikuwa na wenyewe, watu wa Kalapuya, waliokuwa wamepungua mno kwa malaria iliyoletwa na wageni. Mwaka 1855 walitiwa katika mkataba, na mwaka uliofuata wakahamishiwa Grand Ronde. Wale miongoni mwetu ambao babu zao walihamishwa kupisha mashamba ya walowezi watajua maana yake. Sifa za mama huyu hazifuti jambo hilo.

Shule ilipata hati ya serikali mwaka 1849, na mwaka 1854 ikawa pia chuo kikuu, Pacific University, ambacho kingalipo. Mwaka huohuo wa 1854 Bibi Tabitha aliwaandikia ndugu zake wa mashariki barua ndefu, na mengi ya haya yanajulikana kutokana nayo. Alifariki Salem tarehe 4 Mei 1858, siku tatu baada ya kutimiza miaka 78, akazikwa hukohuko.