Ndege Iliyo Mgongoni mwa Simu

Majuzi nilikuwa mjini Embu nikingoja matatu ya kunipeleka Meru, nikasimama mbele ya kibanda cha kijana auzaye kava za simu. Miongoni mwa kava za maua, simba na nembo za klabu za kandanda za Uingereza, palikuwa na moja yenye picha ya zamani ya ndege ya jeti ya abiria: mwili mwembamba, injini nne zilizofichwa ndani ya mabawa, madirisha ya pembe nne. Kijana aliisifu kwa urembo wake. Nilivaa miwani nikasoma herufi zilizokuwa ubavuni: G-ALYP. Nikaduwaa.

Aliyeipa ulimwengu ndege hiyo ni Geoffrey de Havilland, Mwingereza, mwana wa kasisi, aliyezaliwa mwaka wa 1882. Alipoingiwa na hamu ya kuruka hakuwa na fedha. Babu yake mzaa mama alimpa pauni 1,000, naye akaunda ndege pamoja na rafiki yake Frank Hearle, huku mkewe Louise akishona kitambaa cha mabawa kwa cherehani. Ndege hiyo ilivunjika mara tu ilipoinuka. Ya pili iliruka mwaka wa 1910. Ni wangapi kati yetu, baada ya kuona fedha za babu zikiteketea kwa dakika moja, wangethubutu kurudi kwenye karakana?

Alianzisha kampuni yake mwaka wa 1920. Alipenda sana vipepeo na nondo, ndipo ndege zake ndogo zikaitwa kwa majina ya wadudu hao. Moja ya aina hiyo, Gipsy Moth, ndiyo iliyoanzisha shirika la Wilson Airways mjini Nairobi mwaka wa 1929, na jina la shirika hilo limebaki katika Uwanja wa Wilson, ambako miraa ya Nyambene hupakiwa ndegeni kabla haijanyauka. Shirika la East African Airways nalo, lilipoanza mwaka wa 1946, lilianza kwa ndege zake sita aina ya Dragon Rapide. Kwa hivyo mtu huyu si mgeni kwetu kama tunavyodhani.

Anga hiyo aliyoipenda ilimpokonya wanawe. John alifariki mwaka wa 1943 ndege mbili zilipogongana. Geoffrey, kifungua mimba wake aliyeitwa jina lake, alifariki mwaka wa 1946 akiijaribu ndege ya jeti ya baba yake, ikavunjika hewani. Louise aliwafuata mwaka wa 1949. Na mwaka huo huo, tarehe 27 Julai, siku mzee alipotimiza miaka 67, ndege yake ya Comet iliruka mara ya kwanza. Ilikuwa jeti ya kwanza ya abiria duniani.

G-ALYP ndiyo iliyofungua safari za abiria, tarehe 2 Mei 1952, kutoka London hadi Johannesburg, ikitua Entebbe njiani. Safari nzima haikufika saa 24. Oktoba mwaka huo hali ya hatari ilitangazwa Kenya, na kuanzia 1953 ndege za kivita za Harvard, kisha Lincoln, ziliangusha mabomu katika misitu ya Mlima Kenya. Hizo hazikuwa za de Havilland. Hata hivyo, wazee wetu wa Embu na Meru walioinua macho mbinguni siku hizo hawakuwa wakitafuta urembo.

Tarehe 10 Januari 1954, G-ALYP iliondoka Roma ikapasuka karibu na kisiwa cha Elba. Watu wote 35 waliangamia. Comet zikasimamishwa, zikafanyiwa marekebisho ya kila kasoro iliyoshukiwa, na mwezi Machi zikarudishwa angani ilhali chanzo hakijajulikana. Hapa simtetei mzee wala waliotoa idhini. Tarehe 8 Aprili nyingine ilianguka karibu na Naples, na watu 21 wakafa kwa haraka hiyo.

Ndipo wachunguzi wakaitumbukiza Comet moja katika tangi kubwa la maji, wakaujaza mwili wake shinikizo na kulipunguza mara maelfu, kama vile inapopaa na kushuka, mpaka ikapasuka. Bamba la metali lilikuwa limechoka, kama waya unaopindwa huku na huku hadi ukakatika. Watu husema kosa lilikuwa madirisha ya abiria. Kwa G-ALYP, ufa ulianzia paani, kwenye pembe ya tundu la antena, mahali ambapo picha ya yule kijana haionyeshi kabisa.

Matokeo hayakufichwa, hata washindani walifaidika nayo. Comet mpya, zenye madirisha ya mviringo, zilinunuliwa na East African Airways mwaka wa 1960. De Havilland alifariki Mei 1965, na majivu yake yakanyunyizwa kutoka ndegeni juu ya uwanja ule ule aliorukia mwaka wa 1910.

Nilimweleza kijana machache kati ya haya. Alisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama bado naitaka. Nilimlipa. Matatu ya Meru ilikuwa imeshajaa, nikangoja nyingine nikiitazama ile paa.