Apolo wa Boga: nyumba, vitabu, na ndoto ya safari

Kama unakaa Bungulu, hakuna haja mtu akueleze maana ya kuacha nyumba. Kwenye viwanja vingi vya hii tarafa yetu kuna jamaa waliofika na godoro kichwani na watoto mkononi. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, watu zaidi ya 50 waliuawa kule Boga na Tchabi, mtaa wa Irumu, na wengine wakatawanyika kila upande. Tarehe 30 Mei ndiyo siku Waanglikana wanamkumbuka Apolo Kivebulaya. Ni yeye aliyefanya jina la Boga lijulikane mbali, na yeye mwenyewe alifika kule akiwa mgeni.

Hakuwa mtu wa kwetu. Alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1864, akaitwa Waswa juu alizaliwa pacha. Alikuwa Mwislamu, alikuwa askari, alitembea sana. Mwaka 1895 akabatizwa na kupewa jina la Apolo. Ile Kivebulaya ni jina watu walimbandika: kwa Kiganda ni kitu kilichotoka Ulaya. Sababu yake ni koti nyekundu ya kizungu aliyokuwa anaivaa juu ya kanzu. Watu wa Toro waliona koti mbele ya kumwona mtu, na jina likabaki mpaka leo.

Hapa inafaa kueleza kidogo habari ya kusoma. Buganda ya miaka ile, mtu aliyeingia katika dini aliitwa msomaji. Kwa Kiganda kusoma kitabu na kusali vilikuwa neno moja. Aliyetaka ubatizo alipaswa kwanza ajue herufi, kiisha asome Injili yeye mwenyewe. Biblia nzima ya Kiganda ilimalizika kutafsiriwa mwaka 1896, na kulikuwa na chapa moja iliyokatwa fupi na nene ili iingie ndani ya bati la biskuti. Juu ya nini? Juu ya mchwa. Anayehifadhi vitabu vya watoto ndani ya nyumba ya udongo hapa Beni ataelewa mara moja.

Mwisho wa huo mwaka 1896, Apolo akazunguka milima ya Ruwenzori, akavuka Semliki, akafika Mboga. Ndivyo ilivyoitwa zamani. Walimu wawili Waganda walikuwa wamemtangulia, Petero na Sedulaka, lakini njaa na upinzani viliwashinda, wakarudi. Mkubwa wa kule, Tabaro, hakupenda hawa wageni. Watu wakikukatalia chakula, utafundisha nini? Apolo akachukua jembe. Kwa mwanaume Muganda wa wakati ule, kulima shamba la chakula ilikuwa kazi ya wanawake, na bila shaka kuna waliomcheka. Lakini akala jasho lake, akajenga nyumba ya miti na majani, akaanza kufundisha herufi. Hakuoa maisha yake yote. Watu wa nyumba yake walikuwa wanafunzi na watoto aliowapokea.

Ile nyumba ilikaribia kumwua. Siku za kujenga, mwanamke wa jamaa ya Tabaro alianguka juu ya mkuki uliokuwa ndani ya majani, akafa. Apolo akasingiziwa mauaji, akafungwa, akapelekwa mpaka Fort Portal, upande ule mwingine wa Ruwenzori. Kipindi kile cha mateso ndicho alisimulia kwamba Yesu alimtokea, anang'aa sawa jua, akamtia moyo. Ukweli ulipojulikana akafunguliwa. Mwingine angeshukuru na kuenda kwao Buganda. Yeye akarudi Mboga, kwa watu wale wale. Na Tabaro, baada ya muda, akawa msomaji pia, akabatizwa Paulo.

Kwa miaka mingi wakubwa wa kanisa walimtuma huku na kule Toro. Alifanywa shemasi mwaka 1900, kiisha kasisi mwaka 1903. Wakati ule wazungu walikuwa wanachora mipaka: mwaka 1910 Waingereza na Wabelgiji walipatana, na Mboga ikajikuta upande wa Kongo. Wasomaji wa Apolo wakabaki upande huu, kanisa lao upande ule. Siye tunaovuka Kasindi kila mara tunajua mpaka unavyoweza kukata jamaa katikati. Apolo aliomba arudi kwao. Aliporudi, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, alikuwa mtu wa miaka 50 na zaidi, umri ambao wengi wanatafuta kiti na kivuli.

Lakini magharibi ya Mboga mlima unashuka, na kule chini msitu unaanza. Ni msitu uleule unaoshuka mpaka kwetu, Mbau na Eringeti. Kila siku alikuwa anauona. Mwaka 1921 alieleza kwamba Yesu alimtokea tena na kumwagiza aende kwa watu wa msitu. Mtu wa miaka karibu 60 akaanza safari mpya kwa miguu, na vitabu ndani ya mzigo. Wambuti hawakai mahali pamoja, kwa hiyo na yeye alijifunza kuhama: anaenda, anafundisha, anarudi nyumbani, anaenda tena. Mwaka 1932 Wambuti wa kwanza wakabatizwa.

Wako wanaosema alikuwa chombo cha wazungu, wakionyesha lile koti. Sisi hatukubali haraka. Ni kweli alileta dini ngeni na lugha ngeni, na vitabu vya kwanza alivyofundishia vilikuwa vya Kiganda, si vya wenyeji. Hiyo ni lawama ya haki. Lakini mzungu hakumlimia shamba, na gerezani Fort Portal lile koti halikumsaidia kitu.

Alifariki tarehe 30 Mei 1933, kule kule Boga. Kutoka kwa wasomaji wake kulizaliwa kanisa la Anglikana la Kongo nzima. Dayosisi ya kwanza iliwekwa Boga mwaka 1972, na ile ya Kivu ya Kaskazini, yenye makao Butembo, imetoka kwenye shina hilo.

Mbele ya kufa aliacha agizo moja juu ya kaburi. Desturi ilikuwa kumlaza maiti kichwa upande wa mashariki. Mashariki ndiko Buganda, kwenye nyumba aliyozaliwa. Yeye aliomba walaze kichwa chake magharibi, upande wa msitu, kule njia aliyoianza ilikuwa haijaisha. Wakamzika vile.