Joseph Whitworth: Mtu aliyefanya nati ya fundi mmoja iingie kwenye bolti ya fundi mwingine

Nati ya ekzosi ya pikipiki ikidondoka njiani, unakwenda duka la spea, unanunua nyingine kwa bei ndogo, na inaingia. Aliyetengeneza nati na aliyetengeneza bolti hawajawahi kuonana, na huenda hata hawatoki nchi moja. Lakini vitu vyao vinaingiana.

Miaka 200 iliyopita haikuwa hivyo. Kila karakana ilichonga hesi kwa kipimo chake. Hesi ni ile njia inayozunguka bolti kama ngazi, ambayo nati hupandia. Bolti ikivunjika, ilibidi urudi kwa fundi yule yule aliyeitengeneza. Kama amekufa au amehama, bolti mpya na nati yake vilichongwa upya kwa mkono.

Mtu aliyeiongoza Uingereza kutoka katika hali hiyo aliitwa Joseph Whitworth. Katika makala haya tunaeleza maisha yake, na kwa nini hadi leo mtu mwenye gari la zamani la Kiingereza hulazimika kumkumbuka anapofungua nati za ekzosi.

Mtoto wa mwalimu

Whitworth alizaliwa tarehe 21 Desemba 1803 katika mji wa Stockport, karibu na Manchester, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule. Akiwa kijana wa miaka 14 hivi alipelekwa kwa mjomba wake aliyekuwa na kiwanda cha kusokota pamba katika jimbo la Derbyshire. Wakati huo viwanda vya eneo hilo viliishi kwa pamba, na sehemu kubwa ya pamba hiyo ilitoka katika mashamba ya watumwa Marekani.

Familia ilitaraji kwamba kijana angejifunza biashara. Yeye alivutiwa na mashine. Aliona jinsi zilivyotengenezwa ovyo, vyuma vikigongana na kulika kwa sababu havikupimwa vizuri. Akaacha kiwanda, akaenda Manchester kufanya kazi ya ufundi. Mwaka 1825 alioa, na mwaka huo huo akahamia London.

Huko alipata kazi kwa Henry Maudslay, fundi aliyeheshimiwa kuliko wengi wa zama zake, aliyekuwa ametengeneza mashine bora ya kuchongea hesi za chuma. Baadaye alifanya kazi pia kwa Joseph Clement, aliyekuwa akitengeneza mashine ya kukokotoa hesabu ya Charles Babbage. Kwa watu hawa Whitworth alijifunza kwamba kazi nzuri huanza na kipimo.

Sahani tatu za chuma

Kipimo chochote cha chuma kinahitaji mahali palipo sawa kabisa pa kuanzia. Utajuaje kwamba sahani ya chuma imenyooka? Ukiilinganisha na sahani nyingine, zinaweza kushikana vizuri na bado zote zikawa mbaya: moja ina kinundu, nyingine ina bonde, na kinundu kimekaa ndani ya bonde.

Njia aliyoitumia Whitworth ilikuwa kutengeneza sahani tatu. Ya kwanza inalinganishwa na ya pili, ya pili na ya tatu, kisha ya tatu na ya kwanza. Sahani mbili zinaweza kufichiana kasoro. Zikiwa tatu, na kila moja inashikana na zote mbili nyingine, basi zote zimenyooka. Unapaka rangi kidogo, unasuguanisha, unaona rangi imeshika wapi, unakwangua palipoinuka, unarudia. Ni kazi ya subira, isiyohitaji mashine kubwa. Mwaka 1840 aliieleza mbele ya mkutano wa wanasayansi mjini Glasgow.

Wakati huo alikuwa tayari na karakana yake. Aliifungua Manchester mwaka 1833, na aliuza mashine za kuchongea vyuma. Baadaye alitengeneza chombo cha kupimia kilichoweza kuonyesha tofauti ya sehemu moja ya milioni ya inchi.

Hesi moja kwa nchi nzima

Mwaka 1841 Whitworth alipeleka pendekezo kwa chama cha wahandisi mjini London: karakana zote zitumie hesi ya aina moja. Ili kuipata, hakukaa mezani akabuni ya kwake na kuwalazimisha wengine. Alikusanya bolti kutoka karakana nyingi za Uingereza, akazipima, akatafuta wastani. Kwa hiyo kila fundi alipewa kitu kisicho mbali sana na alichokuwa amekizoea.

Wastani wa pembe ya meno ulikuwa digrii 55, na hiyo ikawa kanuni. Kisha akapanga idadi ya meno kulingana na unene wa bolti. Bolti ya robo inchi ilikuwa na meno 20 katika kila inchi ya urefu, ya nusu inchi meno 12, na ya inchi nzima meno 8. Ncha za meno zilifanywa za mviringo ili zisivunjike kirahisi.

Makampuni ya reli yaliifuata, kisha viwanda vya meli na vya mashine. Faida yake ilionekana wazi katika Vita vya Crimea, kati ya 1853 na 1856. Serikali ilihitaji kwa haraka injini za boti 90 za kivita. Kazi iligawanywa kwa karakana mbalimbali, kila moja ikatengeneza sehemu yake, na sehemu hizo zikaunganishwa. Bila hesi ya pamoja, jambo hilo lisingewezekana kwa haraka namna ile.

Bunduki na mali

Vita vilimpeleka Whitworth kwenye utengenezaji wa silaha. Alibuni bunduki ambayo tundu la mtutu wake lilikuwa na pembe sita. Ilipiga mbali na kwa shabaha kuliko bunduki ya jeshi la Uingereza, lakini jeshi halikuichukua kuwa silaha yake ya kawaida. Baadhi zilivuka bahari zikatumiwa na walenga shabaha wa majimbo ya kusini mwa Marekani, yaliyopigana kati ya 1861 na 1865 ili utumwa udumu. Umakini ule ule uliorahisisha kazi ya fundi ulirahisisha pia kuua mtu aliye mbali, na maisha yake hayaelezeki vizuri bila kutaja yote mawili.

Mwaka 1868 alitoa fedha zilizofikia pauni 3,000 kwa mwaka za kusomesha vijana wa ufundi na uhandisi. Alitaka mwenye nadharia ajue kushika tupa, na mwenye kushika tupa ajue nadharia. Ufadhili huo wenye jina lake upo hadi leo. Mwaka 1869 alipewa cheo cha Baronet, ambacho hurithiwa na mtoto wa kiume, lakini hakuwa na mtoto, na cheo kikaisha naye. Alifariki tarehe 22 Januari 1887 mjini Monte Carlo, akazikwa Darley Dale, Derbyshire. Mali yake ilitumika kwa mambo ya umma, na jina lake limebaki kwenye hospitali ya Darley Dale na jumba la sanaa la Manchester.

Gari lililovaa nguo za watu wawili

Kipimo cha Whitworth kilipata wapinzani. Mwaka 1864 Mmarekani William Sellers alipendekeza hesi ya digrii 60, na Marekani ikaifuata. Nchi nyingine za Ulaya zikashika milimita. Katika Vita Kuu ya Pili, Waingereza na Wamarekani walipigana upande mmoja huku nati za mmoja haziingii vizuri kwenye bolti za mwenzake. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zikakubaliana kutumia hesi moja ya inchi, ya digrii 60. Baadaye dunia kubwa ikahamia milimita, ambayo ndiyo iliyo kwenye pikipiki na magari mengi ya leo.

Lakini magari ya zamani hayakubadilika. Land Rover za mwanzo, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1948 na ambazo zilifahamika sana Afrika Mashariki, zina bolti za vipimo vya zamani vya Kiingereza. Ndiyo maana spana namba 13 au 14 inaweza kukataa kukaa vizuri juu yake. Pia namba ya spana ya Whitworth haimaanishi upana wa kichwa cha bolti kama tulivyozoea. Inamaanisha unene wa bolti yenyewe.

Mfano wa ajabu zaidi ni gari dogo la michezo la MG TC, lililotengenezwa mjini Abingdon, Uingereza, kati ya 1945 na 1949, takribani magari 10,000. Chimbuko la injini yake ni la familia ya Morris. Mwaka 1923 William Morris alinunua kiwanda mjini Coventry kilichokuwa cha kampuni ya Kifaransa ya Hotchkiss, na mashine zake zilichonga hesi za milimita. Kubadilisha mashine zote kungegharimu sana. Kwa hiyo hesi zikabaki za Kifaransa, lakini vichwa vya bolti na nati vikafanywa viingie kwenye spana za Whitworth walizokuwa nazo mafundi wa Kiingereza. Anayetazama kichwa anaona Uingereza. Anayejaribu kuifunga anakutana na Ufaransa.

Kuchagua nati za ekzosi

Mwenye gari kama hilo akitaka kubadilisha nati zinazoshika ekzosi kwenye injini, kosa linamsubiri. Bolti nyingi za injini hiyo ni za milimita 8, na meno yake yameachana kwa milimita 1. Nati ya kawaida ya milimita 8 dukani leo ina meno yaliyoachana kwa milimita 1.25. Itaingia mzunguko mmoja au miwili kisha ikaze. Ukiilazimisha kwa spana, utadhani imefunga, kumbe imetafuna meno. Bolti ikikatikia ndani ya injini, kazi ya nusu saa inakuwa ya siku kadhaa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni hesi, na kanuni yake inafaa hata kwa pikipiki yako: nati sahihi huingia kwa vidole hadi mwisho bila spana. Usidanganywe na kufanana. Bolti ya Whitworth ya nusu inchi ina meno 12 kwa inchi, na ya Kimarekani ya unene huo ina meno 13. Kwa macho huwezi kuona tofauti.

Jambo la pili ni madini. Ekzosi hupata moto mkali, ikapoa, ikapata moto tena, siku baada ya siku. Nati ya chuma juu ya bolti ya chuma hushikwa na kutu hadi viwe kitu kimoja. Ndiyo sababu magari mengi ya zamani ya Kiingereza yalifungwa nati ndefu za shaba ya manjano. Shaba haishiki kutu kama chuma, na kwa kuwa ni laini, ukikaza kupita kiasi meno ya nati ndiyo yatakayoharibika kwanza. Nati unaweza kununua nyingine. Bolti iliyokatikia ndani ya injini ni taabu. Chuma kisichoshika kutu kinaonekana bora, lakini nati na bolti zote zikiwa za chuma hicho, huweza kung'ang'aniana zisifunguke tena.

Jambo la tatu ni namna ya kufunga. Safisha hesi kwa brashi ya waya, paka grisi ya kuzuia kushikana inayostahimili moto, funga kwa zamu ukianzia katikati kwenda pembeni. Injini ikishapata moto na kupoa kabisa, rudia kukagua, kwa maana gasketi mpya hukaa na nati hulegea.

Whitworth hakuwahi kuona gari la petroli likiuzwa sokoni. Hesi yake yenyewe imepungua sana matumizi. Kilichobaki ni lile wazo la mwaka 1841, kwamba mafundi wakikubaliana kipimo, mtu wa mbali anaweza kukusaidia bila kukujua. Ukiwa na nati mpya mkononi, ianze kwa vidole. Ikikataa, usitafute spana ndefu zaidi. Rudisha dukani, utafute yenye kipimo chake.