Albert Michelson na Mwendo wa Nuru

Napenda kuwasimulieni habari za Albert Michelson. Alizaliwa Strelno, Prussia, mwaka 1852, akahamia Marekani pamoja na wazazi wake angali mtoto mdogo.

Siku zile wataalamu walidhani kwamba nuru husafiri katika kitu kisichoonekana kiitwacho etha, kama sauti isafirivyo hewani. Dunia hulizunguka jua kwa mwendo wa kilometa 30 kila sekunde. Basi nuru iendayo na kurudi kwa kuufuata mwendo huo ilitazamiwa kuchelewa kuliko iendayo kwa kukingama. Mwaka 1887, mjini Cleveland, Michelson na Edward Morley waliigawa nuru sehemu mbili kwa kioo, juu ya jiwe lililoelea katika zebaki, wakaligeuza pande zote. Tofauti waliyoitazamia hawakuiona.

Michelson alisikitika. Lakini mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwamba mwendo wa nuru ni mmoja kwa kila aupimaye. Vinavyobadilika ni vipimo vya muda na urefu. Michelson alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1907, akafariki mwaka 1931.

Mimi niliwahi kufuta jibu nililolipata maabarani, nikaandika la kitabuni. Sasa naona aibu. Wenzangu, tuandike tulichokiona.