Karl Weierstrass, Mwalimu wa Sekondari

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, sisi wa Mara hatuhitaji kuelezwa uzito wa jina Mwalimu. Mzaliwa wa Butiama, aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, aliongoza nchi nzima na jina hilo hakulivua. Safari hii nawasimulia habari za mwalimu mwingine, Mjerumani. Vijana wetu wanaosomea shahada ya hisabati hukutana na kazi yake katika miaka ya juu ya chuo, wengi bila kujua kwamba alikuwa mwalimu wa sekondari.

Karl Weierstrass alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1815 katika kijiji cha Ostenfelde. Baba yake, mtumishi wa serikali, alitaka mwanawe naye awe afisa, akampeleka Chuo Kikuu cha Bonn mwaka 1834 kusomea sheria na fedha. Kijana hakuyapenda masomo hayo. Miaka minne ikapita katika bia na mchezo wa vitara, akarudi nyumbani bila shahada. Ndipo alipoingia mafunzo ya ualimu mjini Münster, akafaulu mtihani mwaka 1841.

Kwa miaka zaidi ya 10 alifundisha katika miji midogo, Deutsch-Krone na kisha Braunsberg. Alifundisha hisabati, jiografia, mwandiko, hata mazoezi ya viungo. Utafiti aliufanya baada ya kazi, bila mwenzake wa kujadiliana naye. Mwaka 1854 makala yake ilitokea katika jarida kubwa la hisabati la Ujerumani. Wataalamu walishangaa, na Chuo Kikuu cha Königsberg kikamtunuku udaktari wa heshima. Mwaka 1856 aliitwa kufundisha Berlin.

Huko aliinyoosha misingi ya kalkulasi. Wakati ule wataalamu wengi walisema namba "inakaribia" nyingine, kana kwamba neno hilo linajieleza. Weierstrass alidai hesabu kamili: mbishi ataje kosa dogo kiasi chochote, nawe uweze kumtajia umbali ambao, ukikaa ndani yake, kosa halitazidi kiasi hicho. Ukishindwa, hujathibitisha.

Mwaka 1872 alionyesha kwa nini ukali huo ulihitajika. Ukiyatazama majabali ya Musoma kutoka mbali ziwani, huona ukingo laini. Ukisogea, huona meno. Weierstrass alitoa kanuni ya mstari usiokatika popote, ambao hata ukiusogelea kiasi gani, kila mahali ni meno, na hakuna nukta yenye mwinamo unaopimika. Wengi walikuwa wameamini kwamba mstari wa namna hiyo hauwezi kuwapo. Macho yao yaliwadanganya.

Afya yake ilikuwa dhaifu. Tangu alipougua sana mwaka 1861 alifundisha akiwa ameketi, mwanafunzi akimwandikia ubaoni. Mwaka 1870 alifika Mrusi Sofia Kovalevskaya, na chuo kikamkatalia kwa kuwa ni mwanamke. Weierstrass alimfundisha faraghani miaka minne, na mwaka 1874 mama huyo akapata udaktari wa Göttingen. Mwalimu alifariki Berlin tarehe 19 Februari 1897.

Basi, kijana wa Bunda aliyeng'ara kidato cha 6 anaporudi likizo akilalamika kwamba hisabati imemgeuka, tusimwambie aache. Hadi hapo alifundishwa kupata jibu. Sasa anafundishwa kutosema neno asiloweza kulithibitisha. Ni somo gumu, lakini faida yake haiishii darasani. Mtu aliyelizoea hakubali ahadi, takwimu wala uvumi kabla ya kuuliza msingi wake.

Na ninyi wenzetu mnaoshika chaki katika shule za vijijini, mbali na maktaba na wataalamu, msijione mmesahauliwa. Somo hilo linalowatoa jasho wanafunzi wa vyuo vikuu duniani kote lilisimamishwa na mtu aliyesahihisha madaftari mchana na kuwasha taa yake usiku.